Lupita Nyong'o, jukwaani na kwenye skrini: maswali ambayo vijana wa maigizo Kisumu huniuliza kila mara

Ninafundisha kikundi cha vijana wa maigizo hapa Kisumu. Tunakutana Jumamosi mchana katika ukumbi wa kuazima wenye paa la mabati, na mvua ya ziwani ikianza kunyesha inabidi kila mtu apaaze sauti au anyamaze. Kila wanapojiunga wapya, jina la kwanza kutajwa ni Lupita, mwigizaji wetu aliyeshinda Oscar, ile tuzo kubwa ya filamu ya Marekani. Wazazi nao huniuliza wakija kuchukua watoto. Nimejibu maswali hayo hayo mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niyaandike.

Lupita ni wa wapi hasa? Mexico, Nairobi au Kisumu?

Kote kutatu. Alizaliwa jijini Mexico City tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha kule. Familia ilikuwa imeondoka Kenya kwa sababu ya siasa za enzi hizo, ambazo msomi mwenye kuikosoa serikali hakuwa na usalama ndani yake. Ndugu yake profesa, Charles, alikuwa ametoweka mwaka 1980. Kwa hiyo mtoto huyu hakuzaliwa ng'ambo kwa anasa. Lupita alirudishwa Kenya kabla hajatimiza mwaka mmoja, akalelewa Nairobi.

Kwao ni Seme, Kaunti ya Kisumu, kaunti ambayo baba yake ameiongoza kama gavana tangu 2017. Kuna vijana hubisha kwamba aliyekulia Nairobi si wa huku. Mimi huwajibu kwamba kwa Mjaluo, kwenu ni pale lilipo boma la baba yako, hata kama umelala humo usiku chache tu. Wazee hapa wakimwona kwenye televisheni husema "nyathiwa", mtoto wetu, na hawaombi ruhusa ya mtu.

Jina lake lina maana gani?

Lupita ni kifupi cha Guadalupe, jina la Kihispania linalopendwa sana Mexico. Jina lake la pili ni Amondi, ambalo Wajaluo humpa msichana aliyezaliwa alfajiri, kama Omondi kwa mvulana. Wajaluo wana desturi ya kumpa mtoto jina kutokana na wakati au tukio la kuzaliwa kwake, na hapa wazazi waliiweka nchi iliyowapokea ndani ya jina la binti yao.

Alianza kuigiza akiwa na umri gani?

Shuleni, kama ninyi. Lakini hatua iliyo muhimu kwangu ni ile ya miaka 14, alipoigiza kama Juliet katika Romeo and Juliet ya Shakespeare na kikundi cha Phoenix Players jijini Nairobi. Ukumbi wao, uliokuwa karibu na Bunge, umeshafungwa, na nasikitika kila nikikumbuka, kwa sababu pale waigizaji walikuwa wakimaliza mchezo mmoja na kuingia mwingine, leo kichekesho, kesho msiba. Binti wa miaka 14 akisimama kati ya watu wazima wenye nidhamu ya namna hiyo hujifunza mambo ambayo hakuna kitabu kitamfundisha: kufika mapema, kujua maneno ya mwenzako kama unavyojua yako, kutoboa ukimya wa ukumbi bila kupiga kelele.

Amewahi kueleza pia kwamba filamu ya The Color Purple, kwa kuwaona Whoopi Goldberg na Oprah Winfrey, ndiyo iliyomwonyesha kwamba mtu mwenye sura kama yake anaweza kuwa mle ndani ya skrini.

Je, alisomea uigizaji, au ni kipaji tu?

Alisomea, tena sana. Alifanya shahada ya kwanza katika filamu na tamthilia kwenye chuo cha Hampshire, Massachusetts, kisha akaenda Yale kusomea uigizaji na kuhitimu shahada ya uzamili mwaka 2012. Kabla ya hayo yote, akiwa na miaka 16, wazazi walimpeleka Mexico kwa miezi kadhaa akajifunze Kihispania. Anazungumza Kijaluo, Kiswahili, Kiingereza na Kihispania. Kipaji anacho, hilo halina ubishi. Ila ninapomsikia kijana akisema "mimi nimezaliwa nacho, sihitaji mazoezi", huwa namhesabia miaka ile kwa vidole: Phoenix, Hampshire, Yale. Mikono miwili haitoshi.

Kati ya chuo cha kwanza na Yale alikuwa akifanya nini?

Hapa ndipo napenda kukaa, maana vijana wengi wanaruka moja kwa moja kutoka Juliet hadi Oscar.

Alikuwa akifanya kazi ambazo jina lako linaonekana pale mwisho, watu wakiwa wameshainuka vitini. Ilipokuja Kenya kupigwa filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka 2005, alikuwa miongoni mwa vijana wa uzalishaji, wale wa kutumwa huku na huku. Huko alimweleza Ralph Fiennes, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, kwamba anataka kuwa mwigizaji. Jibu alilopata, kama alivyosimulia mwenyewe, halikuwa la kumbembeleza: aingie katika kazi hii ikiwa tu anaona hawezi kuishi bila kuigiza. Vijana wangu wakisikia hivyo wengine hununa. Mimi naona alipewa heshima ya kuambiwa ukweli.

Kisha akageuka mwelekezi. Aliandaa na kuelekeza In My Genes, filamu ya hali halisi kuhusu maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya, iliyotoka 2009. Akaelekeza pia video ya wimbo wa Wahu aliomshirikisha Bobi Wine. Mwaka huo huo wa 2009 akaonekana kama Ayira katika Shuga, mfululizo wa MTV uliopigwa Nairobi kuhusu vijana, mapenzi na virusi vya Ukimwi. Wengi wa rika langu tulimwona hapo kwa mara ya kwanza.

Aliyekaa nyuma ya kamera anajua mwanga unaangukia wapi na kwa nini mwelekezi anataka jambo lile lile lirudiwe mara kumi. Hanung'uniki. Ndiyo sababu katika kikundi chetu kila mtu hushika zamu ya taa, ya mavazi na ya kufagia, hata nyota wetu.

Patsey ni nani, na kwa nini nafasi ile ilibadilisha kila kitu?

Patsey ni mwanamke mtumwa katika 12 Years a Slave ya mwelekezi Steve McQueen, iliyotoka 2013. Filamu inatokana na kumbukumbu za Solomon Northup, Mmarekani mweusi aliyekuwa huru, akatekwa na kuuzwa utumwani. Lupita alipata nafasi hiyo akiwa anamalizia Yale.

Watu hukumbuka tukio la kuchapwa mijeledi, na si ajabu, ni zito kutazama. Lakini ninapofundisha, mimi huonyesha jambo jingine dogo. Patsey anaweza kuchuma zaidi ya ratili 500 za pamba kwa siku, karibu kilo 230, kuliko mwanamume yeyote shambani. Halafu tunamwona ameketi kwenye majani, mikono ile ile ya kazi ikisuka wanasesere kwa maganda ya mahindi. Hasemi kitu. Vidole vinakwenda taratibu, uso umetulia kama wa mtoto, na ghafla unaelewa kwamba huyu bado ni msichana mdogo. Huku kwetu magharibi nani hajatengeneza mtoto wa maganda ya mahindi nyuma ya jiko? Msichana mmoja wa kikundi chetu alipoliona hilo alisema, "Mwalimu, hata sisi tulifanya hivyo kwa nyanya." Sikuwa na cha kuongeza.

Alipata Oscar mwaka gani? Ni Mkenya wa kwanza?

Usiku wa 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, kama mwigizaji bora msaidizi wa kike. Ndiyo, ni Mkenya wa kwanza kushinda Oscar. Maneno yake ya jukwaani kwamba ndoto za mtu ni halali popote atokako yamechorwa hadi kwenye matatu. Wanayoyasahau watu ni kwamba katika hotuba ile ile alikiri kwamba furaha yake imetokana na uchungu wa mtu mwingine, akamshukuru Patsey.

Kwa nini mnamwita mwigizaji wa kila aina? Si kila mwigizaji hubadilisha nafasi?

Kubadilisha nguo ni rahisi. Kubadilisha pumzi ni kazi.

Tazama Queen of Katwe ya 2016, ya mwelekezi Mira Nair, kuhusu Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyeinuka kupitia mchezo wa sataranji. Lupita ni Harriet, mama mjane mwenye kuuza mahindi. Siku moja nilimpa binti mmoja wa kikundi nafasi ya mama wa namna hiyo. Akajifunga leso, akashika kiuno, akaanza kufoka. Ilikuwa leso tu iliyokuwa mama, mwili ulikuwa wa kidato cha tatu. Nikamwambia akachote maji. Akabeba mtungi wa lita 20 kutoka mfereji wa nje hadi jukwaani mara nne. Safari ya nne alipoutua, aliushikilia kidogo kabla ya kuuachia, akavuta pumzi kwa pua, ndipo akasema sentensi yake ya kwanza kwa sauti ya chini kabisa. Ukumbi ukanyamaza. Nikirudi kumtazama Harriet, naona Lupita alishajua hilo: uchovu wa mama hauko kwenye makelele, uko kwenye namna anavyotua mzigo.

Halafu kuna Us ya Jordan Peele, ya 2019, ambamo anaigiza watu wawili, Adelaide na pacha wake wa kutisha, Red. Sauti ya Red inakwaruza kama mtu anayevuta maneno kwa kamba. Aliijenga kutokana na ugonjwa halisi wa koo unaokaza misuli ya sauti. Baadhi ya watu wenye ugonjwa huo waliumia kuona hali yao ikitumiwa kutishia watazamaji, naye akaomba radhi hadharani. Mimi huwaeleza vijana pande zote mbili, ufundi na lile jeraha, kwa sababu ukiazima mwili wa mtu mwingine kwa ajili ya mchezo, mwenye mwili yupo na anatazama. Mwaka huo wahakiki wa filamu wa New York walimchagua kuwa mwigizaji bora wa kike.

Mwaka 2024 ulikuwa wa kipekee. Katika A Quiet Place: Day One yeye ni Samira, mgonjwa wa saratani katika mji uliovamiwa na viumbe vinavyowinda kwa kusikia. Kila neno ni hatari, basi anaigiza karibu filamu nzima kwa macho, mabega na pumzi. (Alikuwa anaogopa paka, na mwenzake mkuu humo ni paka. Ilibidi azoeshwe, mwishowe akafuga wa kwake.) Mwaka huo huo akatoka na The Wild Robot, katuni ambamo yeye ni Roz, roboti. Hapo mwili haupo kabisa, ni sauti peke yake, inayoanza bapa kama ya mashine na kupata joto kidogo kidogo. Filamu moja imemnyima sauti, nyingine imemnyima mwili, na katika zote mbili yupo mzima. Nikitakiwa kueleza umahiri wake kwa mfano mmoja, ni huo.

Nimeacha nyingi: Nakia wa Black Panther, Maz Kanata wa Star Wars, mbwamwitu Raksha wa The Jungle Book, mwalimu wa chekechea mwenye gitaa dogo katika Little Monsters.

Ni kweli Black Panther ilizinduliwa Kisumu?

Kweli, Februari 2018 kulikuwa na onyesho la uzinduzi hapa mjini, na gavana akiwa mwenyeji. Watu walivaa kitenge na shanga. Kwa siku kadhaa huwezi kupanda boda bila kusalimiwa kwa mikono iliyokunjwa kifuani. Lugha ya Wakanda, ile nchi ya kubuni mle ndani, kwa wanaouliza, ni Kixhosa cha Afrika Kusini.

Baada ya Oscar, kwa nini arudi jukwaani?

Kwa sababu huko ndiko alikotoka, na naamini ndiko anakonolea makali yake.

Kisa cha Eclipsed ni cha kusimuliwa polepole. Ni tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake waliotekwa wakati wa vita vya Liberia. Mwaka 2009, akiwa mwanafunzi Yale, Lupita alikuwa mwigizaji wa akiba katika mchezo huo. Mwigizaji wa akiba hukariri kila kitu, hufika kila siku, na mara nyingi hapandi jukwaani hata mara moja. Akabaki na mchezo ule moyoni. Alipokuwa na Oscar mkononi na milango yote imefunguka, aliomba kuigiza hicho hicho. Ukaonyeshwa New York mwaka 2015, kisha Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za jiji hilo, 2016, na ukawa mchezo wa kwanza Broadway ambamo mwandishi, mwelekezi na waigizaji wote ni wanawake weusi. Yeye, mwenye miaka 33, aliigiza msichana wa miaka 15 anayechukua bunduki. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony, inayotolewa kwa michezo ya Broadway.

Nina kijana ambaye alikataa nafasi ya akiba akasema ni kupoteza muda. Nilimsimulia haya. Jumamosi iliyofuata alikuja na maneno yote ya mchezo kichwani, pamoja na ya wenzake.

Kuna mahali aliigiza kwa Kiswahili?

Ndiyo, na mahali penyewe pataushangaza moyo wako. Agosti na Septemba 2025, katika ukumbi wa wazi wa Delacorte, ndani ya Central Park, New York, aliigiza kama Viola katika Twelfth Night ya Shakespeare. Viola ana pacha wake wa kiume, Sebastian, waliopotezana baharini. Sebastian aliigizwa na mdogo wake wa damu, Junior Nyong'o. Mwelekezi alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya vilevile. Na pacha hao wageni katika nchi ngeni walisemezana Kiswahili katikati ya Kiingereza cha Shakespeare.

Fikiria: watoto wawili wa Seme, jioni, mbele ya umati uliopata tiketi bure, wakiitana kwa lugha tunayonunulia omena sokoni Kibuye. Vijana wengi huniuliza kama Kiswahili chao kitawazuia kufika mbali. Kwa muda mrefu nilikuwa natafuta la kuwajibu.

Alisumbuliwa na rangi ya ngozi yake?

Amesema wazi kwamba utotoni alimwomba Mungu aamke akiwa mweupe zaidi. Kutokana na hayo aliandika kitabu cha watoto, Sulwe, mwaka 2019. Sulwe ni nyota kwa Kijaluo. Wasichana wa kikundi chetu ambao huko nyuma walikuwa wakijipaka unga mweupe hadi shingoni kabla ya kupanda jukwaani, sasa tunawawekea taa inayoipenda ngozi yao. Lawama ilikuwa ya taa zetu tangu mwanzo.

Mwalimu, hii maigizo italeta ugali mezani?

Swali hili ni la wazazi, na nalijibu kwa heshima kwa sababu mzazi anayelipa karo ana haki ya kuuliza. Mama mmoja wa mtaa wa Nyalenda hapa mjini aliniuliza akiwa amesimama mlangoni, kikapu mkononi. Nilimjibu hivi: mama, peke yake si rahisi, lakini kazi ipo. Kuna vikundi vinavyozunguka shule za sekondari vikiigiza vitabu teule vya fasihi, msimu wa mitihani ukikaribia hakuna kulala. Kuna maigizo ya vijijini kuhusu afya na kilimo. Kuna redio, kutia sauti matangazo, ushereheshaji wa harusi. Kuna filamu fupi za simu zinazopandishwa mtandaoni. Wengi wetu tunashika mbili tatu kwa pamoja, na mwezi mbaya upo. Sikumficha kwamba Lupita alitoka katika nyumba ya wasomi iliyoweza kumsomesha nje, na binti yake hana hilo. Alichonacho binti yake ni Jumamosi zake zote, na sauti inayovuka mvua ya mabati. Yule mama alisema atafikiri. Binti bado anakuja.

Mtu wa huku aanzie wapi?

Shuleni, kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na filamu, lililoanza mwaka 1959 na ambalo limewalea wengi unaowaona kwenye runinga. Baada ya hapo Chuo Kikuu cha Maseno kina idara ya muziki na tamthilia, mwendo mfupi wa matatu kutoka mjini. Na kabla ya vyote hivyo, kaa na nyanya yako. Sigana, zile hadithi za jioni, zilikuwa shule ya sauti: nyanya mmoja alikuwa fisi, sungura na bibi harusi, bila kubadilisha hata kitambaa cha kichwa. Ukienda kwenye sherehe ukasikia pakruok, mtu akijitapa kwa majina ya sifa huku muziki umesimamishwa kumsubiri, tazama anavyoushika umati. Hiyo ni mali ya jukwaa, na imelala hapa hapa.

Tukitaka kumtazama, tuanze na filamu gani?

Queen of Katwe, mwitazame pamoja na wazazi. Kisha Us, mara mbili: mara ya kwanza kwa kuogopa, mara ya pili mkizima picha na kusikiliza sauti mbili tu. 12 Years a Slave wasubiri walio chini ya miaka 18. The Wild Robot waitazame na wadogo zao. Sisi tutaonyesha Queen of Katwe ukumbini Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nane mchana, umeme ukiwepo. Njooni na viti.